UZI: Saladi ya boga la kuoka na sosi za uchachu (ukwaju, ndimu, ubuyu, mtindi), wa Mwanza na kanda ya ziwa tukutane hapa

mpishi_nyegezi (mleta uzi)

Wakuu mwadila, na wageni karibuni.

Msimu ndo huu, maboga yamejaa mji mzima, Buhongwa yamemwagwa chini kwenye maturubai, Igoma yapo, Mlango Mmoja yapo, lakini muulize mtu yeyote boga analipikaje, atakwambia nakata vipande, natia kwenye sufuria, maji, chumvi kidogo, nafunika, asubuhi na chai ya rangi. Sawa, tumekua na hilo na hakuna anayelikataa, ila msimamo wangu ni kwamba maji ndo yanamaliza boga. Ule utamu unaishia kwenye yale maji ya njano tunayomwaga alafu tunabaki na kitu kimelowa kinachokaba koo mpaka ukisukume na chai.

Boga linataka moto mkavu na kitu kichachu. Basi.

Moto mkavu kwa sababu ile rangi ya kahawia pembeni na ile harufu ya sukari iliyoungua kidogo inataka joto kubwa kuliko maji yanavyoweza kutoa. Maji yakichemka ndo yamefika mwisho wake, na hapa Mwanza tuko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,100 kwahiyo yanachemka kwenye nyuzi kama 96 tu, hata 100 hayafiki, we chemsha mpaka kesho boga halitapata ukingo wa kahawia. Uchachu sasa ni kwa sababu boga la kuoka ni tamu sana na zito, ukila vipande vitatu vikavu vikavu unachoka, lakini likipata ukwaju au ndimu unajikuta unarudi kwenye sahani.

Sokoni usichague kwa rangi ya ganda. Angalia kikonyo kwanza, kiwe kimekauka na kigumu, kikiwa bado kijani laini ujue lilikatwa mapema. Bonyeza ganda kwa kucha, kucha ikizama rudisha. Nyanyua mawili ya saizi moja chukua zito. Na kama muuzaji anayo ya vipande angalia nyama, iwe imekolea rangi ya chungwa na imekaza, ile ya njano mpauko yenye nyuzinyuzi zinazotoa maji hiyo iachie futari. Ukishalifikisha nyumbani usilikimbilie, liweke sehemu kavu yenye hewa, sio juani, wiki mbili tatu, wanga unageuka sukari lenyewe bila we kufanya kitu.

Kukata, anza kwa kukata kipande chembamba upande wa chini ili likae bila kubingirika, ndo ulipasue kutoka juu, watu wanakatika vidole kwa kulipasua likiwa linayumba. Batanati (yale marefu yenye shingo, ganda la rangi ya krimu) zenyewe hazisumbui kupasua ila ukizimenya utomvu wake unakauka mikononi ngozi inakaza na kubabuka, paka mafuta ya kula viganjani kabla hujaanza.

Vipande viwe unene wa vidole viwili. Kilo moja ya vipande, mafuta ya alizeti vijiko vikubwa viwili hivi, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, pilipili manga, changanya kwa mkono kila kipande kipakwe. Panga kwenye treyi visigusane, hapa ndo watu wengi wanaharibu, ukivirundika vinatoa mvuke na umerudi kulekule kwenye kuchemsha. Oveni nyuzi 220, kwenye dakika 35 au 40 hivi, geuza mara moja tu na usigeuze mapema maana kipande kikishakauka chini kinaachia chenyewe, ukikilazimisha ile ngozi ya kahawia, ambayo ndo yenyewe tunaitafuta, inabaki imeganda kwenye treyi.

Sosi ya ukwaju: konzi moja ya ukwaju, kama gramu 100, loweka kwenye kikombe cha maji ya moto dakika 20, vuruga kwa vidole mpaka kokwa zibaki tupu, chuja. Tia kwenye kisufuria na kitunguu saumu punje mbili zilizopondwa, kipande cha tangawizi, pilipili mbuzi moja NZIMA usiipasue tunataka harufu yake, chumvi, asali kijiko kikubwa kimoja. Moto mdogo mpaka ishike mgongo wa kijiko, ukipitisha kidole pale njia inabaki wazi hairudi. Toa pilipili, acha ipoe kidogo, piga na mafuta vijiko viwili.

Boga likitoka tu, likiwa bado linatoa mvuke, mwagia nusu ya sosi. Likiwa la moto linanyonya, likishapoa sosi inateleza juu tu. Nusu iliyobaki mwagia wakati wa kula, juu weka vitunguu vyekundu vilivyolowekwa na ndimu na chumvi, giligilani, na karanga za kukaanga zilizopondwa nusunusu.

Leteni na zenu.

kapelo_jr

Siti ya mbele kabisa 😂 Mkuu sasa sisi tulio geto tunafanyaje, niko Mkolani nina jiko la mkaa, sufuria mbili na kikaango, oveni naionaga kwa watu. Nyuzi 220 napimia wapi mimi?

mpishi_nyegezi

@kapelo_jr we ndo mwenye raha, mkaa unaoka vizuri kuliko oveni nyingi za mjini. Fanya ile ya keki, si umeona kina mama wanavyooka keki, moto chini na moto juu ya mfuniko. Chukua sufuria nzito, ile nyembamba inaunguza, iweke jikoni tupu na mfuniko wake ishike moto kwanza. Mkaa usubiri uvae majivu meupe, ule unaowaka miali unababua nje ndani kubichi. Chini weka mkaa kidogo tu, mwingi uwe juu ya mfuniko, ukigeuza hesabu boga linaungua kitako. Panga vipande safu moja, funika, usifunuefunue, kwenye dakika 25 chungulia. Nyuzi hupimi, unasikiliza, mwanzo utasikia linachemka ndani maana linatoa maji, sauti ile ikibadilika ikawa ya kukaanga ujue maji yameisha na rangi inaanza kuja. Hapo ndo usitoke kwenda kuchaji simu kwa jirani.

MzeeWaPasiansi

Vijana mnasema mkaa kama vile ni jambo jipya. Boga zima linafukiwa kwenye majivu ya moto na makaa yaliyofifia, halikatwi halimenywi, unatoboa tundu moja juu lipumue lisije kupasuka, unaliacha jioni nzima watu wanapiga stori. Likiwa tayari ganda limekuwa jeusi na kijiti kinapita mpaka upande wa pili bila kusukuma. Unalipasua, unatoa mbegu, unachota kwa kijiko na maziwa mgando. Huo uchachu mnaouongelea si ndo huo wa mgando? Sisi tulikuwa hatuiti saladi.

mpishi_nyegezi

Shikamoo mzee wangu. Umenifundisha la tundu, hilo sikulitaja na ni la muhimu maana boga zima bila tundu linaweza kulipuka kweli. Na mgando na boga la majivu hakuna wa kubisha hapo.

Ngosha_Original

Mleta mada naona unatuletea uzungu tu hapa, saladi dresingi sijui nini, Msukuma na saladi wapi na wapi? Boga ni boga, lichemshwe liliwe watu waende shamba. Hayo mambo ya mahoteli ya Capri Point 🤣

binti_ilemela

😂😂 ngosha punguza hasira

mpishi_nyegezi

@Ngosha_Original kaka hebu tuliangalie hilo la uzungu. Boga lenyewe kwao ni Amerika, Mexico walikuwa wanalima maboga miaka kama 10,000 iliyopita, huku lilikuja na meli. Ukwaju je? Ukwaju asili yake ni Afrika yetu hii ya joto, mbuyu hivohivo. Kwahiyo kwenye hiyo sahani mgeni ni boga, mwenyeji ni sosi 😄 Alafu Marekani na Ulaya haya ya ganda gumu wanayavuna kabla ya baridi, yanakaa stoo miezi, ndo maana wakajua kuyaoka kwa namna nyingi, hamna mboga nyingine kipindi hicho. Sisi tunayo mwaka karibu mzima tumeishia njia moja.

Ngosha_Original

Sawa nimekuelewa ila njaa ya shamba haitibiwi na vipande vya boga na majani.

dada_kirumba

Ngosha hujala ya kwangu. Mi naweka DAGAA. Tena dagaa wa Mwaloni wakavu, wale waliokaushwa kwenye vichanja sio wa mchangani, wa mchangani utasafisha mpaka uchoke na bado meno yatakwaruza. Naosha kwa maji ya moto haraka haraka, nakausha na kitambaa mpaka wakauke kabisa maana mafuta na maji ni vita, nakaanga kwenye mafuta ya kutosha mpaka wakipigwa na mwiko wanalia, natoa, nanyunyizia chumvi na pilipili ya unga wakiwa moto. Alafu boga langu la kuoka nalipanga kwenye sinia, juu kachumbari iliyokamuliwa ndimu mbili kabisa mpaka mtu akonyeze jicho, juu yake dagaa mwisho mezani pale pale, ukiwaweka mapema wanalainika umeharibu. Utamu wa boga, ndimu, chumvi ya dagaa, ule mkwaruzo wa kukaanga, jamani. Mume wangu ni mtu wa ugali tu na siku hiyo ugali ulibaki.

kapelo_jr

Dada umeniua. Kesho Kirumba.

mpishi_nyegezi

@dada_kirumba hii naiba mchana kweupe. Ndimu mbili kwa nyanya ngapi?

dada_kirumba

Nyanya tatu ngumu zisizoiva sana, kitunguu kimoja kikubwa, tango nusu natoa ile katikati ya maji. Kitunguu naosha na chumvi kwanza ukali wa pua utoke. Nyanya laini usiweke, zinatoa maji boga linalowa, tutarudi kule kwa mleta uzi alikokukataa 😂

Mama Wawili Buhongwa

Wanangu hamjambo. Mimi nayauza haya maboga kwahiyo niseme kidogo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 mzigo wa Sengerema haukai tena foleni ya kivuko, unafika hata siku hiyohiyo umekatwa shambani, sasa wateja wanapenda "freshi freshi" lakini mleta uzi amesema kweli, boga la jana na boga lililokaa wiki tatu ni vitu viwili tofauti, la jana lina maji. Mkiniuliza nina lipi la zamani nawapa, wengi hawaulizi.

Ukibahatika vibaya ukapata la maji usilitupe mwanangu. Kata, nyunyiza chumvi, liache nusu saa kwenye chujio, utaona maji yanadondoka, futa kila kipande na kitambaa kikavu, ndo upake mafuta. Na chumvi usiongeze tena.

Na kitu kingine, ganda msimenye. La kienyeji likiwa gumu sana sawa hamtalila ila lioke nalo, nyama haisambaratiki, likiiva linatoka lenyewe kwa mkono. Ganda la batanati linaliwa kabisa likiokwa.

mpishi_nyegezi

Wabeja sana mayu. Hilo la chumvi na kitambaa liwekwe juu ya uzi.

mtu_wa_Nansio

Huku visiwani tuna machungwa, kwahiyo mi siki nimeacha kununua. Ya kwangu ni chungwa moja la Ukerewe lililokomaa ila sio lile tamu la mwisho, ndimu moja, kitunguu saumu punje moja iliyosagwa na chumvi mpaka iwe uji, mafuta. Natia vyote kwenye chupa ya jemu natikisa. Ila kuna mpangilio: chumvi inaingia kwenye maji ya ndimu KWANZA inayeyuka, ndo mafuta, ukianza na mafuta chumvi haiyeyuki inakaa chini, mtu wa kwanza anakula chapwa wa mwisho anakula bahari.

Na vile vipimo vya mitandaoni vya mafuta sehemu tatu na uchachu sehemu moja hivyo ni vya majani mepesi. Kwenye boga haviwezi, boga lina utamu wake mwingi, we weka sehemu moja kwa moja, au uchachu uzidi kidogo. Ukitaka visiachane weka haradali nusu kijiko cha chai inavishika.

binti_ilemela

Nauliza mimi ambae sipendi ukwaju, tumbo langu haliutaki. Ubuyu unafanyaje?

mpishi_nyegezi

Ubuyu ule unga mweupe usiopakwa rangi wala sukari, sio ule mwekundu wa kumung'unya. Vijiko vikubwa viwili vya unga, mtindi mzito kikombe kimoja, ndimu kidogo, chumvi, binzari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa. Koroga acha kama robo saa, utaona umekuwa mzito zaidi maana ubuyu unashika maji. Ukizidi uzito ongeza maji ya baridi kijiko kijiko. Hii haimwagwi kwenye boga la moto kama ya ukwaju, mtindi utakatika, unaipaka chini ya sahani alafu boga linakaa juu, juu kabisa mafuta kidogo yaliyochemshwa na pilipili. Ukiweka na dengu za kuchemsha pale unakuwa mlo kamili, @Ngosha_Original hii ni yako, dengu za Kwimba, uzilaze kwenye maji usiku kucha, zichemshwe ziive ila zisipasuke.

Ngosha_Original

Dengu umenigusa. Najaribu wikiendi, ikinishinda nakuja kukushtaki humuhumu.

Kijana_wa_ufuta

Mi nasambaza ufuta na karanga za kusaga, niwape ya ufuta bure. Ufuta kaanga kavu moto mdogo mpaka uanze kurukaruka na rangi iwe ya dhahabu, ukifika kahawia umechelewa utakuwa mchungu. Saga ukiwa bado wa uvuguvugu, unatoa mafuta yake, mwisho unakuwa laini unachurura. Sasa chukua vijiko vitatu, tia maji ya ndimu. USIOGOPE, utakaza ghafla utakuwa bonge kavu utasema nimeharibu, hapana, ndo kawaida yake, tia maji baridi kidogo kidogo huku unapiga, utafika mahali unaachia wenyewe unakuwa mweupe laini kabisa. Kitunguu saumu, chumvi, mwagia kwenye boga la kuoka na vitunguu vilivyookwa treyi moja na boga. Nchi za Kiarabu za kule Lebanon na Palestina ufuta wa kusaga na ndimu ni kitu cha kila siku.

Karanga pia inawezekana ila ni nzito, ongeza ndimu.

mdau_ughaibuni

Nipo Italia naona mnanitia hamu. Sicily huku, mji wa Palermo, wana boga lao la kale la watu wa hali ya chini, wanakata slesi wanakaanga kwenye mafuta, alafu siki na sukari vinachemshwa pamoja vinamwagwa juu, na kitunguu saumu na majani ya nanaa, linaliwa likiwa limepoa, kesho yake ndo tamu zaidi. Wanaliita ini, maana masikini hakuwa na hela ya ini la kweli akapika boga kwa namna matajiri walivyopika ini. Nanaa na siki kwenye boga, msidharau, jaribuni. Siki ile nyeupe ya dukani ni kali mno, changanya na maji nusu kwa nusu.

MzeeWaPasiansi

Ini la boga 😂 umasikini hauna kabila.

mwalimu_tz

Naomba kuuliza kwa nia njema. Mama yangu ana kisukari, hizi sosi zenye asali na boga tamu hivi anaweza kula? Na ni kweli boga ni dawa ya kisukari kama wanavyosema kwenye magrupu ya WhatsApp?

mpishi_nyegezi

Mwalimu pole na mama. Dawa hapana, asiache dawa zake kwa ajili ya boga, hilo la magrupu lipuuze. Boga ni chakula chenye wanga kama vingine, batanati bichi gramu 100 ina kama gramu 12 za wanga na nishati ndogo, kalori 45 hivi, kwahiyo ni jepesi kuliko ugali, ila sio sifuri. Kitu cha kuangalia ni kwamba lisiwe nyongeza juu ya ugali, liwe badala ya sehemu ya ugali. Asali itoe kabisa, tumia ile ya mtindi na ubuyu au ndimu tupu na mafuta, boga lina utamu wake. Kiasi gani kwa mlo mmoja muulize mtu wa lishe kliniki anakoenda, yeye anajua vipimo vyake, mi ni mpishi tu.

Ila kwa wote, ile rangi ya chungwa ndo mwili unaigeuza vitamini A, na bila mafuta kidogo mwili hauipati vizuri, kwahiyo mafuta kwenye sosi sio ya utamu peke yake.

binti_ilemela

Jamani na hii imenitokea, nililipika boga likawa CHUNGU, sio uchungu wa kuungua, uchungu kama kwinini. Nikaongeza sukari haikusaidia. Kosa langu au la boga?

Mama Wawili Buhongwa

La boga mwanangu wala sio lako. Usile tena na usimpe mtoto, tupa lote hata kama linauma.

mpishi_nyegezi

Mama amemaliza, niongeze sababu tu ili mtu asije kudharau. Jamii yote ya maboga, mamumunye na matango ina sumu ya uchungu ambayo mimea ya porini inaitumia kujilinda, haya ya kula yalichaguliwa miaka na miaka yakabaki hayana, lakini mbegu ikichanganyika na ya porini au ya mapambo uchungu unaweza kurudi, na kwa nje boga linaonekana zuri kabisa. Moto hauiondoi, sukari wala ukwaju hauiondoi, unaificha tu ambayo ni mbaya zaidi. Inaleta kutapika na kuharisha vibaya, kuna watu wamelazwa kwa ajili ya mamumunye machungu. Kwahiyo kila boga, kabla hujaliweka mafuta, onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi, likiwa chungu tema, suuza mdomo, tupa. Na mbegu zake usipande.

kapelo_jr

Hii ya kuonja sikuwahi kusikia aisee. Alafu mbegu za boga zuri mnafanyaje, mi natupa

dada_kirumba

Kapelo unatupa hela. Zioshe zile nyuzi zitoke, zichemshe dakika kumi na chumvi ya kutosha ziingie chumvi ndani, mwaga maji, zikaushe juani mpaka zisishikane, alafu kaanga kwenye kikaango kikavu moto mdogo unakoroga muda wote. Zikianza kupasuka pasuka kama bisi na harufu ikapanda toa. Mwisho kabisa kamulia ndimu na pilipili ya unga ikiwa bado kikaango kina moto, ile ndimu inakauka juu inaacha uchachu kwenye ganda. Ndo karanga zangu za kuweka juu ya saladi hizo, au za kutafuna kwenye daladala.

Kijana_wa_ufuta

Uzi bila picha mleta mada, mpaka sa hivi hamna picha hata moja.

mpishi_nyegezi

Bando limekata mkuu nimebaki na la maandishi, kesho natupia 😅

kapelo_jr

MREJESHO. Nimefanya ile ya mkaa juu na chini, kwenye sufuria ya kuazima kwa mama mwenye nyumba. Ile sauti kweli inabadilika, nlidhani unatania. Vya katikati vimetoka kahawia safi, vya pembeni vimebaki weupe weupe, hapo vipi?

mpishi_nyegezi

Safi sana bro. Mkaa wa juu uliurundika katikati, usambaze uzunguke ukingo wa mfuniko, katikati kuwe na kidogo, na vipande vinene ndo viwe katikati, vyembamba pembeni. Sosi ulitumia ipi?

kapelo_jr

Ukwaju. Pilipili mbuzi ikapasuka humo ndani wakati nakoroga. Nimekula nalia lakini nimemaliza 🥵

binti_ilemela

😂😂😂

mwalimu_tz

Swali la mwisho kwangu, likibaki linakaa muda gani? Napika jumapili nataka nibebe kazini.

mpishi_nyegezi

Kwenye friji siku tatu mpaka nne lakini vitenganishe, boga chombo chake, sosi kwenye chupa, kachumbari usiilaze kabisa katakata asubuhi. Ya ukwaju bila mafuta inakaa wiki na zaidi, ya mtindi imalize ndani ya siku tatu. Kama huna friji pika la siku hiyo tu, na nusu ya boga ambayo hujaipika toa mbegu zote na ule utelezi maana ndo panapoanza kuoza, funika sehemu iliyokatwa, kesho yake hiyohiyo lioke. Asubuhi ukilibeba usilipashe moto kwa maji wala mvuke, kikaango kikavu dakika mbili kila upande, alafu sosi.